Njia ya Tatu ya Heathrow na Saini Mbili za Serikali Moja

Mgogoro wa kisiasa kuhusu upanuzi wa uwanja wa ndege wa Heathrow, ulioko magharibi mwa London, umedumu kwa zaidi ya miongo miwili, na ugumu wake hautokani na uhasama wa kawaida kati ya chama tawala na upinzani, kwa kuwa takriban kila serikali iliyokubali mradi huo imejikuta ikipingana na sheria zake yenyewe za mabadiliko ya tabianchi. Uwanja huo una njia mbili tu za kurukia na kutulia ndege, umewekewa kikomo cha safari 480,000 za kuruka na kutua kwa mwaka, na mwaka 2024 ulihudumia abiria wapatao milioni 84. Ufinyu huo umezaa soko la nafasi, yaani haki ya shirika la ndege kutua na kuondoka katika saa maalumu, na wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba mwaka 2016 Kenya Airways, ikiwa katika hasara kubwa, iliiuzia Oman Air nafasi yake moja ya Heathrow kwa bei iliyoripotiwa kufikia dola milioni 75. Mahali ambapo saa moja ya kutua ina thamani hiyo, si ajabu kwamba kelele za kutaka njia ya tatu hazinyamazi.

Upande wa pili wa mgogoro unaanzia Novemba 2008, serikali ya Gordon Brown ilipokamilisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyoifunga Uingereza kupunguza gesijoto kwa asilimia 80 ifikapo mwaka 2050 ikilinganishwa na kiwango cha mwaka 1990. Sheria hiyo ilianzisha bajeti za kaboni, yaani viwango vya juu vya gesi ambavyo nchi haipaswi kuvivuka katika kila kipindi cha miaka mitano, pamoja na Kamati ya Mabadiliko ya Tabianchi, chombo huru cha wataalamu kinachoishauri serikali na kuikosoa hadharani. Wino ulikuwa haujakauka vizuri wakati Waziri wa Uchukuzi wa serikali hiyohiyo, Geoff Hoon, alipolitangazia Bunge mnamo Januari 2009 kwamba njia ya tatu imekubaliwa. John McDonnell, mbunge wa chama hichohicho cha Labour kutoka jimbo lenye uwanja huo, alinyakua siwa, ambayo ni rungu la heshima linalowakilisha mamlaka ya Bunge, akasimamishwa vikao kwa siku tano. Ndani ya baraza la mawaziri, Ed Miliband, aliyekuwa na dhamana ya nishati na tabianchi, alishinikiza mpaka likawekwa sharti kwamba gesi za usafiri wa anga mwaka 2050 zisizidi kiwango cha mwaka 2005.

Conservative waliingia madarakani mwaka 2010 wakiwa wameahidi kuufuta mradi, nao wakaufuta kweli, kisha wakaunda tume chini ya Howard Davies ambayo mwaka 2015 ilipendekeza jambo lilelile lililofutwa: njia ya tatu, safari hii yenye urefu wa mita 3,500, kaskazini-magharibi mwa uwanja. Serikali ya Theresa May ililikubali pendekezo hilo mwaka 2016, na Juni 2018 Bunge likalipitisha kwa kura 415 dhidi ya 119, huku wabunge wengi wa Labour wakiungana na serikali kwa sababu vyama vikubwa vya wafanyakazi vilitaka ajira. Boris Johnson, aliyewahi kuapa kwamba angelala mbele ya matingatinga kuzuia ujenzi, siku ya kura alikuwa Afghanistan kwa shughuli za Wizara ya Mambo ya Nje.

Upinzani wa magharibi mwa London unapaswa kutazamwa kwa jicho la makini, kwa sababu si kila aliyeipinga njia ya tatu alikuwa mtetezi wa tabianchi. Johnson mwenyewe, alipokuwa meya wa London, alipigia debe ujenzi wa uwanja mpya kabisa kwenye mlango wa mto Thames, mradi ambao ungeongeza safari za ndege na kuhamishia kelele kwingine. Huo ulikuwa mkuki kwa nguruwe. Wakazi wa Harmondsworth, Sipson na Longford, vijiji vinavyokabiliwa na kubomolewa kwa sehemu au karibu vyote, wana malalamiko ya haki kuhusu makazi, usingizi na hewa wanayovuta, lakini malalamiko hayo yangetulia kama njia ingejengwa katika uwanja mwingine wa London, Gatwick, ilhali hewa ukaa haijali ndege imeruka kutoka upande gani wa London. Muungano wa wanakijiji na wanamazingira umekuwa na nguvu katika kampeni, ila umewapa mawaziri nafasi ya kujibu hoja ya kelele kwa fidia na ya usingizi kwa kupunguza safari za usiku, huku hoja ya tabianchi ikibaki bila jibu.

Hoja hiyo ilifika mahakamani kwa namna iliyowashangaza wengi. Juni 2019, katika wiki zake za mwisho madarakani, May alibadilisha lengo la asilimia 80 kuwa sifuri halisi, yaani hali ambayo gesi yoyote inayotolewa inafidiwa kwa kiasi kilekile kinachoondolewa angani. Hivyo mkono ulioridhia njia ya tatu ndio uliotia saini lengo gumu kuliko yote. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa iliutangaza waraka wa sera ya Heathrow, ule uliopitishwa na Bunge mwaka 2018, kuwa batili kwa kutozingatia Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015. Serikali, ambayo sasa iliongozwa na Johnson, haikukata rufaa, na kazi hiyo ikaachiwa kampuni ya uwanja. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilitengua hukumu, ikieleza kwamba Makubaliano ya Paris hayakuwa sera ya serikali kwa maana ya sheria ya mipango, na kwamba mradi ungepimwa kwa malengo ya tabianchi yatakayokuwepo wakati wa kuombwa kibali.

Sekta ya anga imeponyoka kwa muda mrefu kwa sababu Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliziacha gesi za safari za kimataifa nje ya malengo ya nchi moja moja, ikazikabidhi kwa shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ICAO. Uingereza imeamua kuzijumuisha kuanzia bajeti ya kaboni ya miaka 2033 hadi 2037. Mategemeo yamewekwa katika mafuta mbadala ya ndege, yanayotengenezwa kutokana na taka au mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika, ambayo sheria inataka yafikie asilimia 10 mwaka 2030 na 22 mwaka 2040. Hata hivyo asilimia 22 ina maana kwamba sehemu kubwa ya mafuta itaendelea kuwa ya taa, na michirizi ya mvuke inayoachwa na ndege angani nayo huzuia joto la dunia lisitoke.

Januari 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, aliufufua mradi kwa jina la ukuaji wa uchumi, katika baraza la mawaziri ambalo Miliband alikuwa amerejea na dhamana ileile ya nishati. Miliband, licha ya shinikizo lake la mwaka 2009, alisema hatajiuzulu kwa sababu ya mradi huo. Meya wa London, Sadiq Khan, wa chama chao hichohicho, aliendelea kupinga. Novemba mwaka huohuo serikali iliuchagua mpango wa kampuni ya Heathrow, wenye njia ya mita 3,500 inayohitaji barabara kuu ya M25 ipitishwe chini yake, kuwa msingi wa kuupitia upya waraka wa sera. Waraka ukishapitishwa, kampuni italazimika kuomba kibali, na hapo ndipo sharti la Mahakama ya Juu litakapofanya kazi, mbele ya waziri atakayekuwa na bajeti ya kaboni iliyopitishwa na Bunge mkono mmoja na ahadi ya ajira mkono wa pili.