Ukipiga Kamsa, Ni Nani Atatoka?

Ndugu na dada wa vikundi vya kujisaidia, hebu tuanze na swali moja, na kila mtu alijibu kimoyomoyo kabla ya kuendelea kusoma. Mtu akipiga kamsa usiku wa leo kwenye njia ya kwenda mtoni, au nyuma ya posho-mili, ni nani atatoka nyumbani kwake?

Tukisema ukweli, wengi tutajibu: inategemea. Mmoja atasema huyo pengine ni mlevi. Mwingine atasema ni mtu na bibi yake, hayo ni mambo ya nyumba. Wa tatu atafikiria habari ya kuandikisha taarifa kwa polisi na kupoteza siku nzima ya kupalilia viazi. Na kila mmoja wao, akiwa ndani na taa imezimwa, anatumaini kwamba jirani ndiye atatoka. Jirani naye anatumaini vivyo hivyo.

Makala haya yanahusu kujikinga. Tukisikia neno hilo tunafikiria karate, au mtu mwenye misuli. Mambo ya mikono yapo na tutayagusa. Lakini kwa mtu wa kijijini silaha ya kwanza ni sauti yake, na sauti ina nguvu pale tu ambapo kuna watu waliokwisha kukubaliana, kabla ya siku hiyo, kwamba wakiisikia watatoka. Kazi hiyo ya kukubaliana inafaa kikundi kuliko mtu mmoja, na haihitaji mtaji.

YALIYOTOKEA TIGANIA

Sisi wa Kiirua hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito kule Tigania, wavulana walianza mgomo na wasichana wakakataa kuingia. Wasichana zaidi ya 200 walikimbilia bweni moja wakajifungia humo, wakitumaini kwamba wingi wao utawalinda. Wavulana walivunja na kuingia. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kukanyagwa na kukosa hewa. Wengine 71 walibakwa.

Wazazi wa sasa wengi walikuwa watoto wakati huo, na vijana wetu hawajui kabisa. Ni vizuri waambiwe. Maana wale wasichana walifanya karibu yote ambayo tunawafundisha mabinti zetu. Walikataa. Walikaa pamoja. Walifunga mlango. Kilichokosekana kilikuwa nje ya ule mlango: mtu mzima wa kuja kwa haraka. Na baada ya msiba, watu waliokuwa karibu na shule walisema wazi kwamba wavulana kuwavamia wasichana halikuwa jambo geni pale. Maana yake dalili zilikuwepo, na watu walikuwa wamezizoea.

Kwa hivyo tukisema "jikinge", tusimtupie mzigo wote yule anayeshambuliwa.

ADUI MARA NYINGI ANAJULIKANA

Tunawaonya watoto juu ya mtu mgeni mwenye gari na peremende. Onyo hilo si baya, lakini linaacha pengo kubwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2010 kuhusu dhuluma kwa watoto uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24. Karibu msichana 1 kati ya 3, na mvulana karibu 1 kati ya 5, alisema alidhulumiwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Utafiti kama huo wa mwaka 2019 ulionyesha idadi imeshuka, nayo ni habari njema, lakini bado ilikuwa kubwa. Na waliotajwa kuwa ndio waliofanya hayo, wengi walikuwa watu wa kawaida kabisa: mpenzi, jirani, mtu wa ukoo. Kwa upande wa akina mama, uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini wakati fulani tangu wafikishe miaka 15. Wengi wao walipigwa na waume au waliokuwa waume zao.

Sasa, mtu unayemjua haanzi kwa kukurukia. Anaanza kwa kupima. Anasema neno la mzaha lisilofaa. Anakushika bega, anaona kama utanyamaza. Anamtuma mtoto nyumbani kwake wakati mama watoto hayupo. Anamwambia mtoto, "hii ni siri yetu." Kila hatua ukinyamaza kwa heshima, anapiga nyingine. Kwa hiyo kujikinga kunaanza hapo, mapema, wakati bado ni aibu tu na si hatari. Sema kwa sauti kavu, ukimwangalia: "Toa mkono. Sitaki." Usicheke ukisema hivyo. Wengi wetu tumelelewa kucheka ili mkubwa asiaibike, na mtu mbaya anaielewa hiyo cheko kuwa ndiyo.

Mfundisheni mtoto kwamba hakuna siri ya mwili anayotakiwa kumficha mama, na kwamba anaruhusiwa kumkosea adabu mtu mzima anayemshika vibaya. Najua jambo hili linawakera wazee wengine. Afadhali mzee akereke.

SAUTI NA MIKONO

Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, kuna nyanya wazee waliofundishwa kupigana. Kikundi chao kilijulikana kama Shosho Jikinge. Kilianza kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba ukilala na mwanamke mzee utapona ukimwi au hutaambukizwa, na nyanya wanaoishi peke yao wakawa wanavamiwa usiku. Watu waliwacheka kwanza. Lakini somo lao la kwanza halikuwa kupiga, lilikuwa kupaza sauti. Mvamizi anategemea mambo mawili, kimya na woga wako, na kelele inaharibu yote mawili.

Kuna namna ya kupiga kelele. Ukisema tu "uuwi", kila mtu anadhani mwingine atatoka. Ita kwa jina: "Baba Mwenda, toka! Mama Kendi, nimeshikwa hapa kwa daraja!" Aliyeitwa kwa jina na mahali akaonyeshwa ni vigumu alale. Filimbi ya plastiki ya mwalimu wa michezo ni rahisi kununua, na husikika hata wakati koo limekauka kwa hofu.

Mikono sasa. Mtu akikukaribia vibaya, rudi hatua moja, weka mikono mbele ya kifua viganja vikiwa wazi, na useme "Rudi nyuma!" Ukiwa hivyo unaonekana hutaki vita, na mikono iko tayari. Akikushika kifundo cha mkono, usivute kwenda nyuma moja kwa moja, ana nguvu kukushinda. Angalia kidole gumba chake kiko upande gani, zungusha mkono wako uchomoke upande huo, kwa ghafula. Pale ndipo mshiko ni dhaifu. Kama huna budi kupiga, piga mahali ambapo hata mwanamume mkubwa hana misuli: macho, pua kwa kiganja, koo, sehemu za siri kwa goti. Kiwiko kina nguvu kuliko ngumi, na hakikuvunji vidole. Halafu kimbia. Lengo ni kupata nafasi ya kukimbia kuelekea kwenye watu na mwanga. Usibaki kumaliza hasira.

Ndiyo maana hata sheria inaangalia kiasi. Katika Kenya unaruhusiwa kutumia nguvu kujilinda wewe au mwenzako, lakini nguvu zinazolingana na hatari, na hatari ikiisha nguvu ziishe. Mwizi aliyelala chini amefungwa kamba si hatari tena. Kumpiga mawe au kumchoma kwa tairi ni kuua, na waliotoka kwa kamsa kwa nia njema wanaishia kortini kwa mashtaka ya mauaji. Kikundi kikikubaliana kutoka, kikubaliane pia kwamba mshikwa atapelekwa kwa chifu au polisi akiwa mzima.

Neno moja juu ya mtu aliyeganda. Wengine wakivamiwa mwili unakufa ganzi, sauti haitoki, mkono hauinuki. Mwili hufanya hivyo wenyewe, mtu hakuchagua. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kukubali ni mtu kuchagua kwa hiari akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kunyamaza kwa hofu si kukubali. Basi asiulizwe "mbona hukupiga kelele?" Swali hilo ndilo linalofanya wengine wasiseme kabisa.

PESA ZA KIKUNDI

Juu ya pesa nitasema kwa kifupi. Mweka hazina anayebeba pesa za merigoraundi kwenye kiondo siku ile ile, njia ile ile, kila mwezi, anajulikana na kijiji kizima. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 hakuna sababu kubwa ya kubeba noti nyingi. Tumeni kwa simu, au wekeni benki kwa sahihi za watu watatu, na namba ya siri isitajwe kwa mtu yeyote, hata anayejiita wa kampuni ya simu. Ukivamiwa na mwenye kisu au bunduki na anachotaka ni pesa, mpe. Kikundi kiandike katika katiba yake kwamba mwanachama aliyenyang'anywa akiwa kazini mwa kikundi hatalipishwa, la sivyo mama wa watu atapigania shilingi elfu ishirini mpaka auawe. Na kwenye bodaboda usiku, panda ya steji mnayoijua, mpigie mtu simu ukiwa umekaa na useme namba ya pikipiki kwa sauti dereva asikie.

KAMA IMESHATOKEA

Hapa tafadhali msome polepole, kwa maana saa zinahesabiwa. Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kwisha, ndipo dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi isaidie. Ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka saa 120, lakini mapema ni bora. Asioge, asifue. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa khaki au gazeti. Mfuko wa plastiki unazozesha nguo na kuharibu ushahidi. Hapa kwetu hospitali ya misheni ya St. Theresa iko karibu, na Meru mjini kuna hospitali kuu ya kaunti. Kwa sheria, matibabu hayo katika hospitali ya umma ni bure. Anza na hospitali kama polisi wako mbali, taarifa itafuata.

Kwa polisi, ombeni dawati la jinsia, na msiondoke bila namba ya OB. Fomu ya P3 haiuzwi. Nendeni wawili au watatu, maana aliyeumia akienda peke yake ni rahisi kuambiwa "rudi kesho". Simu ya 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote ni bure.

Tena wazee wetu watuwie radhi, lakini mambo haya hayamalizwi kwa mbuzi. Tangu ile sheria ya 2006, si mzazi wala mzee wala polisi wa kituo mwenye uwezo wa kuifuta kesi ya ubakaji. Msichana wa darasa la sita akinajisiwa na baba yake akalipwa mbuzi wawili, aliyelipwa ni baba. Msichana anabaki akikutana na yule mtu kisimani kila asubuhi.

Kama mtu atakuambia polisi hawatafanya lolote, mweleze habari ya Meru hapa hapa. Wasichana waliokuwa wamenajisiwa, wengine wakiwa wadogo mno, na ambao polisi hawakushughulikia kesi zao ipasavyo, waliishtaki serikali kwa msaada wa shirika la Ripples International lililoko Meru. Watu waliiita kesi ya wasichana 160. Tarehe 27 Mei 2013, katika Mahakama Kuu ya Meru, Jaji Makau aliamua kwamba polisi kutochunguza upesi na kwa makini kulivunja haki za watoto hao kikatiba, na akaagiza uchunguzi ufanywe. Uamuzi huo umesomwa na mawakili wa nchi nyingi. Ulianzia kwa watoto wa vijiji kama vyetu waliokubali kusimulia, na watu wazima waliokubali kusindikiza.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Chukueni nusu saa baada ya michango. Taja kila nyumba na uliza ni nani aliye karibu nayo kiasi cha kusikia filimbi. Nyumba ya mjane iliyo pembeni, na ile ya watoto wanaoishi peke yao, zianze. Andikeni katika kitabu cha mikutano ni watu gani wawili watatoka wakisikia sauti kutoka kila nyumba, na wasitoke peke yao, watoke na tochi na simu. Mpeni nakala mzee wa Nyumba Kumi. Kubalianeni pia juu ya kamsa ya mke na mume: kwamba mtatoka hata hapo, mtabisha hodi kwa sauti ya juu, na kuuliza kama mama yuko salama, hata kama mtaambiwa mnaingilia.

Halafu jioni moja, mkiwa mmewaarifu chifu na majirani wote, mtu mmoja apige filimbi kutoka ile nyumba ya mbali zaidi. Mwenye saa ahesabu ni dakika ngapi mpaka wa kwanza afike, na katibu aandike.