Mitokondria za Mama Mwingine: Kanisa Linafundisha Nini?



Hapa Wesha, mama akizika mtoto wa pili au wa tatu kwa maradhi yasiyoeleweka, minong'ono huanza: amerogwa, au ana mkosi. Tuiondoe kwanza lawama hiyo. Sababu mojawapo ya misiba ya namna hiyo imo ndani ya chembe hai za mwili, katika sehemu ndogo ziitwazo mitokondria, ambazo huzalisha nguvu. Zina jeni zake 37, nazo twazirithi kwa mama. Zikiwa na kasoro, moyo, ubongo na misuli ya mtoto huweza kudhoofika. Mama huyo hakutenda kosa lolote.

Huko Newcastle, Uingereza, yai la mama na yai la mwanamke mwingine mwenye mitokondria nzima hurutubishwa nje ya mwili. Kisha viini vyenye urithi wa wazazi huhamishiwa katika yai la pili, baada ya viini vyake kuondolewa. Bunge la nchi hiyo liliruhusu jambo hili mwaka 2015, na Julai 2025 ilitangazwa kwamba watoto 8 wamezaliwa. Kisheria, mtoa yai si mzazi.

Nia ya kumkinga mtoto na ugonjwa ni njema. Hata hivyo, Kanisa lafundisha kwamba uhai wa mwanadamu huheshimiwa tangu kutungwa mimba, kama ilivyokaziwa na hati Dignitas Personae ya mwaka 2008. Katika njia hii, uhai mmoja ulioanza huvunjwa ili mwingine utengenezwe. Ipo njia ya kuhamisha viini kabla ya yai kurutubishwa. Lakini humo pia mimba hutungwa maabara, nje ya tendo la ndoa, na mtu wa tatu huingizwa katika uzazi. Majirani zetu Waislamu nao huijali nasaba, na wanazuoni wengi wa Kisunni hukataa yai la mtu wa tatu.

Kukataa njia si kumkataa mtoto. Aliyezaliwa hivyo ni sura ya Mungu kamili, na mlango wa ubatizo uko wazi kwake.

Nasi tufanye nini? Tuwasindikize wanandoa hospitalini, tuheshimu uamuzi wa kulea yatima, na tufunge midomo inayomhukumu mama aliyefiwa. Bikira Maria, Mama wa Mateso, awaombee.