Cheti Huvuka Bahari, Sahihi Hubaki

Mgeni kutoka Ujerumani analipa hoteli ya Shangani mwezi Januari kwa chumba atakacholala Julai. Fedha zimeshaingia benki, lakini mhasibu aliyeiva haziandiki kuwa mapato. Mpaka mgeni alale, hoteli inadaiwa. Nairobi na London hesabu hiyo hufanywa vivyo hivyo, na Tanzania imekuwa ikifuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu 2004. Ndiyo maana kijana aliyesomea uhasibu chuo kikuu cha SUZA, Chwaka, anaweza kupokea vitabu vya hoteli ya Muscat na akavielewa.

Kuelewa ni jambo moja, kuruhusiwa ni jingine.

Shahada ya chuo haimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyethibitishwa. Tanzania, cheti cha CPA hutolewa na NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Zanzibar ina taasisi yake, ZIAAT. Kenya, mitihani ni ya KASNEB na usajili ni wa ICPAK. Wenye ndoto za mbali hupenda cheti cha ACCA, taasisi ya wahasibu iliyoanzia London mwaka 1904, ambayo pamoja na mitihani hudai uzoefu wa kazi. NBAA, ICPAK na ACCA zote ni wanachama wa IFAC, shirikisho la wahasibu duniani lililoundwa 1977, na mafunzo yao hupimwa kwa vigezo vinavyofanana.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kampuni ya nje inayotafuta mhasibu wa ndani huweza kukubali cheti chochote inachokiamini. Lakini kutia sahihi ripoti ya ukaguzi ni mamlaka ya kisheria, na kila nchi huitoa yenyewe: Kenya, bila leseni ya ICPAK hakuna sahihi, hata mtu awe na vyeti vitatu. Mwaka 2011 bodi za Afrika Mashariki zilitiliana saini mkataba wa kutambuana. Umepunguza vikwazo, lakini usajili wa nchi bado unahitajika. Kabla ya kulipa ada, mwanafunzi aulize kwanza atafanyia kazi wapi.

Kwa Unguja kuna mlango mwingine usiozungumzwa vya kutosha. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, hutoa pia huduma za Kiislamu, na AAOIFI, taasisi ya Bahrain ya uhasibu wa fedha za Kiislamu, ina viwango na cheti chake kwa kazi hiyo. Katika murabaha, benki huinunua bidhaa kwanza, kisha humuuzia mteja kwa faida iliyotajwa. Mhasibu asiyelijua hilo ataandika riba mahali palipofanyika biashara.