Msanii Unayetaka Kufundisha Shuleni: Kagua Masomo Yako Kabla ya Kulipa Karo

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walijiunga na Gredi ya 10 Januari 2026. Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya Sekondari Pevu, na wasanii wengi wenye shahada sasa wanafikiria kuingia darasani. Hata hivyo, shahada ya sanaa pekee haikufanyi mwalimu. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya 2012 inakataza mtu kufundisha shuleni bila kusajiliwa na tume hiyo.

Ni nani anayeweza kusajiliwa?

Mwalimu wa sekondari anahitaji wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mwenye Shahada ya Elimu huomba usajili moja kwa moja. Mwenye shahada ya sanaa, isiyo ya ualimu, lazima aongeze Stashahada ya Uzamili ya Elimu (PGDE), ambayo hutolewa na vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kozi hiyo inajumuisha mazoezi ya kufundisha shuleni.

Hapa ndipo penye mtego. Msanii aliyesomea uchoraji chuoni anaweza kuwa na somo moja tu la kufundisha. Akikosa la pili, PGDE haitaziba pengo hilo, na karo itakuwa imekwenda. Peleka matokeo yako ya KCSE na ya chuo katika ofisi ya TSC iliyo karibu nawe uulize kabla ya kujiandikisha.

Shahada ya uzamili ya sanaa nayo humfaa anayelenga kufundisha chuo kikuu. Haichukui nafasi ya PGDE.

Unahitaji nini?

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya TSC. Andaa:

• Kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA
• Vyeti vya masomo na nakala za matokeo ya chuo
• Cheti cha maadili mema cha polisi, kinachoombwa kupitia eCitizen
• Fomu ya afya iliyojazwa na daktari
• Picha ya pasipoti

Kusajiliwa si kuajiriwa. Nafasi za kazi hutangazwa na TSC, nawe huomba upya.

Je, kaunti ina nafasi gani?

Serikali ya kaunti haisajili walimu. Katiba imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Wakufunzi wa vyuo hivyo hupewa leseni na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi (TVETA), si TSC. Kwa fundi wa uchongaji, ushonaji au usanifu wa michoro, huenda njia hii ikamfaa zaidi.

Yeyote anayekuahidi nambari ya TSC kwa malipo ya mkononi ni tapeli. Ripoti katika kituo cha polisi.