Mtoto Aliyekunywa Pombe Asiachwe Alale

Napenda kuwaeleza jambo nililoliona kwetu Kamenge, mjini Bujumbura, wakati wa likizo.

Jirani yetu alikuwa na karamu ya mahari. Maji matamu ya ndizi yalitiwa katika dumu moja, na urwarwa katika dumu jingine. Urwarwa ni maji hayo hayo ya ndizi yaliyotiwa unga wa mtama yakachacha, na kwa macho ni vigumu kuyapambanua. Mdogo wangu, mwenye miaka 3, hakuwa amekula tangu asubuhi. Akanywa kikombe kizima cha urwarwa.

Alipoanza kupepesuka watu walicheka. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni alale, itamtoka." Lakini mama alimgusa, akamkuta baridi na mlegevu. Akambeba mbio hospitalini. Daktari alimtoboa kidole, akaona sukari ya damu imeshuka mno, akamtia maji ya sukari katika mshipa.

Nilimwuliza sababu, akanieleza. Ini hutengeneza sukari wakati tumbo ni tupu. Pombe ikiingia, ini hushughulika nayo na kazi ile huzuilika. Mtu mzima ana akiba. Akiba ya mtoto ni ndogo, huisha upesi. Ubongo ukikosa sukari, mtoto huzimia, hushikwa na degedege, na aweza kufa. Tena pombe hupunguza pumzi na kuupoza mwili. Kwa hiyo usingizi ule si wa kupumzika.

Basi, likitokea kwenu, fanyeni hivi. Mpelekeni hospitalini mara moja, hata kama anaonekana mzima, na chukueni chombo alichonywea. Akiwa macho na aweza kumeza, mpeni maji ya sukari kidogo kidogo. Akiwa amezimia, msimnyweshe kitu. Mlazeni kwa ubavu, mfunikeni, na mwangalieni anavyopumua. Msimtapishe, msimpe kahawa, wala msimwagie maji baridi.

Kanyanga ni kali kuliko urwarwa, hata kidogo chake ni hatari. Vivyo hivyo manukato na dawa ya kusafishia mikono.

Mdogo wangu alipona. Siku hizi dumu la pombe kwetu hufungwa kamba nyekundu na kuwekwa juu, na watoto hulishwa kabla ya wageni. Ngoja ngoja huumiza matumbo.