Nia ya Mshtakiwa Katika Kinywa cha Mkalimani

Katika ukurasa mmoja wa daftari kuukuu la mistari ya buluu, lile ambalo watu wa Murang'a huliita kauntabuku, yamepangwa kwa safu tatu maneno ambayo mtu mwema huomba asiyahitaji maishani mwake: kushoto Kiingereza, katikati Kiswahili, na kulia Kikuyu, yote yakihusu jambo moja tu, nalo ni kuondolewa kwa roho ya binadamu. Safu ya kushoto imejaa hata pembezoni. Ya katikati ina mapengo na masahihisho. Ya kulia, kwa sehemu kubwa ya ukurasa, ina neno moja, kũũraga, na chini yake alama za kurudia, mstari baada ya mstari, hadi mwisho wa karatasi.

Mwenye daftari hilo alikuwa mkalimani wa mahakama, na ingawa amekwisha kustaafu na sasa anatunza kahawa yake, bado huzungumza kwa desturi ya mtu aliyezoea kusimama baina ya wawili wasioelewana, akiyakata maneno vipande vifupi na kumkazia macho msikilizaji aone kama kipande kimefika. Nilikuwa nimemwendea kwa habari za kesi za mipaka ya mashamba, ambazo ndizo ada ya mahakama zetu za huku. Lakini alipoufungua ukurasa ule, habari za mashamba zilinitoka moyoni.

"Mwanangu," aliniambia, "kwetu mtu akiuawa ameuawa, na aliyeua ameua. Kiingereza ndicho kilichonifundisha kwamba kuna kuua na kuua."

Tofauti hiyo msomaji anaijua kwa jumla. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo mwaka 1930 ilishika mahali pa ile ya Kihindi, huita murder, katika kifungu cha 203, kule kuua kunakotanguliwa na dhamira mbaya, na jazua yake ni kifo. Huita manslaughter, katika kifungu cha 202, kule kuua kusiko na dhamira hiyo, na upeo wa adhabu yake ni kifungo cha maisha. Mama aliyemuua mtoto wake asiyetimiza miezi 12, akili yake ikiwa imetaharuki kwa ajili ya uzazi, ana jina la tatu, infanticide, na huadhibiwa kwa daraja ya pili. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Muruatetu tarehe 14 Desemba 2017, jaji halazimiki tena kumhukumu kifo kila apatikanaye na hatia ya murder, wala hakuna aliyenyongwa nchini tangu mwaka 1987. Hata hivyo umbali baina ya majina mawili ya kwanza ungali umbali mkubwa katika umri wa mtu.

Mstari ulionivuta zaidi katika daftari ni ule wa manslaughter. Katika safu ya Kiswahili mzee aliandika, siku za ujana wake kazini, "kuchinja mtu". Kisha akapiga mstari mmoja wa wino mweusi, akaandika juu yake "kuua kwa bahati mbaya". Kisha hilo nalo akalifuta kwa wino wa rangi nyingine, akaandika pembeni, kwa herufi ndogo zilizobanana, "kuua bila kukusudia", akalizungushia duara. Duara hilo limekolezwa mara nyingi hata karatasi imetoboka. Kosa la kwanza lilikuwa kosa la mtu hodari, maana neno la Kiingereza limeungwa kwa maneno mawili, mtu na chinjo, na hilo la pili lilitoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, ambao kwao lilikuwa ni nyama ya mchinjaji. Basi kosa jepesi ndilo lililovishwa nguo ya damu, na kosa zito likapewa jina ambalo sikioni halitishi kwa kadiri hiyo. Mzee alisema kwamba siku aliyomwambia mshitakiwa, mbele ya hakimu, kuwa ameshitakiwa kwa kuchinja mtu, kijana yule alishika kizimba kwa mikono miwili, akasema kwa Kikuyu kwamba hakuwa na kisu, walikuwa wakisukumana darajani.

"Alikuwa akinijibu mimi," mzee alisema. "Hakuwa akiijibu sheria."

Nilipata faraja kidogo kusoma baadaye kwamba Waingereza wenyewe hawakuzaliwa na tofauti hiyo. Kwa wazee wao neno murder lilimaanisha kuua kwa siri. Na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, likawa jina la faini: Mnormani akikutwa amekufa na muuaji asipatikane, watu wote wa tarafa ile hutozwa fedha, mpaka sheria hiyo ilipoondolewa mwaka 1340. Kushtaki moyo wa mtu mmoja kulikuja taratibu, kwa karne nyingi. Na huku kwetu, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, wazee wa kiama, yaani baraza la wazee wa Kikuyu, hawakuanza kwa kuuliza nia. Waliangalia kwamba ukoo mmoja umepungukiwa na mtu, wakauamuru ukoo wa pili kulipa mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume, na 30 kwa mwanamke. Hesabu hiyo ya mwanamke inaniuma na sitaipamba. Watu wa pwani, kwa njia ya dini, walikuwa na jambo la jamaa yake, dia, nayo ni fidia ya damu; lakini sheria ya Kiislamu, tofauti na kiama, ilikwisha kuuliza swali la kusudi tangu zamani, na ndiyo maana Kiswahili, alipokihitaji mkalimani wetu, kilikuwa na akiba tayari: kusudi, nia, azma, dhamira. Maneno hayo manne ameyaandika mbele ya ile ibara ya sheria inayohusu dhamira mbaya, bila kuchagua hata moja.

Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall mpaka baada ya uhuru, umepata kuonja maneno ya kuua kwa namna nyingine. Wakati wa Hali ya Hatari, taarifa za serikali kwa Kiingereza zilikuwa na vitenzi viwili kwa maiti mbili: mfuasi wa serikali aliyeuawa alitajwa kwa kile cha murder, ilhali mpiganaji wa msituni alitajwa kwa kitenzi kikavu cha kuua, ambacho hutumika hata kwa nzige. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na miongoni mwao 346 tu ndio walioshitakiwa kwa kuua. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyehukumiwa Nyeri na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, hati yake ya mashitaka ilitaja bastola na risasi, wala si roho ya mtu yeyote. Wakristo wa mji huu walijenga kanisa kuu la kuwakumbuka waliokufa, wakaliita kwa jina la Mtakatifu James na mashahidi wote, na mwaka 1959 Elimo Njau akachora ukutani mwake maisha ya Yesu katika mabonde na migomba ya Murang'a. Mzee alinikumbusha kwamba Kiswahili humwita shahidi yule aliyeona na yule aliyeuawa kwa ajili ya imani, na kwamba kila alipomwita mtu ndani ya mahakama aje kuapa, neno hilo lilimkumbusha ukuta ule.

Daftari lina pia assassinate, neno ambalo mahakama yetu hailijui. Alilisikia redioni akiwa shuleni, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 1969. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, lilikuwa jina la laumu walilopewa Waismaili wa ngome za milimani Uajemi na Sham, likachukuliwa Ulaya na watu wa vita vya msalaba. Lakini aliyehukumiwa kwa kifo cha Mboya alihukumiwa kwa jina lilelile ambalo angehukumiwa nalo kama angalimuua mchuuzi wa soko la Mukuyu. Mzee anaona insafu katika jambo hilo, nami naona vivyo hivyo.

Nyuma ya daftari yamo maneno ya kuua yasiyoua. Hayo aliyaokota katika vinywa vya mawakili, na yalimpa taabu kuliko ya mbele. Baada ya baridi kuharibu kahawa ya Brazili mwaka 1975 bei ilipanda ajabu, na katika daawa moja ya chama cha ushirika, wakili alisema kwamba mdaiwa, kwa kahawa ile, made a killing, yaani alichuma faida kubwa. Mkalimani kijana akatafsiri kwamba aliua. Wazee waliokaa nyuma walisimama. Wakili mwingine, katika shauri la malezi ya mtoto, alisema kwamba kwa baba yake kijana huyo hupona hata akiua, akimaanisha kwamba anadekezwa. Safari hii mzee alijua, akasema anadekezwa.

Lakini tusiwaonee Waingereza. Pale soko la Mukuyu mnunuzi huambiwa bei ya gunia la maharagwe, akalia, "Umeniua!" Mama humwambia mwanawe aliyevunja kikombe, "Leo nitakuua." Njaa huua, kicheko huua, na binti aliyependeza harusini huambiwa ameua. Na ilhali ulimi hulitumia neno hilo bila hadhari, kifungu cha 223 kinamngoja mwenye kumtishia mwenziwe kwa kumwua, kikiwa na miaka 10 gerezani. Ni wapi ghadhabu ya jikoni inapokoma na dhamira ya sheria ikaanza? Nilimwuliza mzee, akanijibu kwamba hilo ni kazi ya jaji. Nikamwuliza jaji hulipimaje, ikiwa hakusikia sauti ya Kikuyu bali sauti ya mkalimani. Hapo hakunijibu kwa maneno ya jumla. Alinisimulia shauri moja.

Ndugu wawili walikuwa wakizozana juu ya mpaka, na mmoja wao alikuwa mlevi wa pombe haramu. Yule mlevi alikutwa amekufa kando ya mto. Jirani, mwanamke mtu mzima, alitoa ushahidi kwamba jioni ile alimsikia ndugu mwingine akimwambia marehemu, "Nĩũgũkua." Maana yake ni "utakufa". Hakusema "nitakuua". Mkalimani alitafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno, kama kiapo chake kilivyomtaka, na jaji akaandika. Lakini katika lugha yetu, na katika Kiswahili pia, mtu humwambia ndugu yake mlevi "utakufa wewe" kwa huruma, kumwonya. Na mtu huyohuyo, kwa sauti nyingine, humwambia hivyohivyo kwa kumtisha. Kwa Kiingereza, karatasini, onyo lile lilisomeka tishio. Mwanamke alilisema kwa sauti gani? Mzee anasema alilisema polepole, akiangalia chini. Na polepole, asema, haina tafsiri.

Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya mahakama, na haki hiyo ni kubwa. Lakini aghalabu kumbukumbu za shauri huandikwa kwa Kiingereza peke yake. Ndugu yule aliyeshitakiwa alipokata rufani, majaji walijadili kwa urefu maneno yake matatu ya Kiingereza, wakayapima, wakayalinganisha na ushahidi mwingine, wakayaita maneno ya mshitakiwa.

"Hakuyasema," mzee aliniambia. "Niliyasema mimi."

Hati za mahakama zina nafasi pembezoni. Sijui ni gharama gani kubwa inayozuia neno la shahidi kuandikwa humo kama alivyolitamka, kwa Kikuyu, Kiembu, Kimeru au Kiswahili, ili ajaye kulipima baada ya miaka awe na kitu cha kupima. Mzee ameliandika lake, "nĩũgũkua", katika ukurasa ule, mstari wa mwisho, na safu ya Kiingereza iliyo mkabala nalo ameiacha tupu.