Makadirio ya Majenzi Yawe kwa Bei za Visiwani

Katika miaka hii ambayo skuli za ghorofa, hospitali, masoko na barabara zinajengwa Unguja na Pemba kwa wakati mmoja, makandarasi wengi wazalendo wamejitokeza kuomba zabuni. Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini wengi wao bado hufanya makadirio kwa daftari, usiku wa kuamkia siku ya kufungwa kwa zabuni, na sasa wauzaji wa programu za kompyuta wanawajia na kuwaambia kuwa dawa imepatikana. Sisi hatuipingi kompyuta. Tunasema tu kwamba mgonjwa huuliza dawa inatibu nini kabla ya kufungua kibindo.

Ifahamike kwamba makadirio ni kazi mbili: kupima na kutia bei. Katika kupima, programu za kisasa ni hodari kweli kweli. Ramani huwekwa kwenye skrini, mkadiriaji akazifuata kuta kwa alama, na urefu, eneo na ujazo vikapatikana kwa muda mfupi. Katika bei, programu haijui ila ile iliyoambiwa. Nyingine huja na orodha ya bei za Marekani au Uingereza, na mkandarasi asiyekuwa na zake hujikuta anajenga Micheweni kwa ujira wa fundi wa Chicago.

Tuchukue zege la moja kwa mbili kwa nne. Meta moja ya ujazo hutaka mifuko sita ya saruji na ziada kidogo, kila mfuko kilo 50, na hesabu hiyo haibadiliki mtu avukapo bahari. Inayobadilika ni bei. Mfuko uliotoka Bara ukateremshwa Unguja, kisha ukavushwa tena hadi Mkoani na kupakiwa gari kwenda kaskazini ya Pemba, hauwezi kuwa na bei ya mfuko wa Tunguu. Mchanga nao visiwani huchimbwa kwa kibali, kwa kuwa ardhi yetu ni ndogo, na bei yake hufuata upatikanaji wake. Hata kodi ya ongezeko la thamani Zanzibar ina sheria yake, mbali na ile ya Bara. Programu iliyofungwa kwa kodi ya Bara itapotosha jumla tangu mstari wa mwisho.

Kwa hiyo programu ya kuchagua ni ile inayomruhusu mkandarasi kutia bei zake mwenyewe, na kuonyesha kila bei imetokana na nini: vifaa, ujira, usafiri, upotevu, faida. Aidha, ifanye kazi bila ya intaneti. Waliokuwapo Unguja katika miezi mitatu ya kukosa umeme, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa sababu. Tena aulize: leseni ya mwaka ikimalizika, hesabu zake za zamani zitafunguka?

Kwa mwenye kazi ndogo ndogo, jedwali la Excel lililopangwa vizuri linatosha, na tusione haya kulisema. Ila lina hatari yake: mtu huweza kuongeza mstari, jumla ya chini isiuhesabu, na paa zima likaachwa nje ya zabuni. Jicho la pili ni la lazima. Makandarasi wadogo watatu au wanne wanaweza kushirikiana kumlipa mkadiriaji majenzi mmoja, na hata programu moja, kwa kadiri leseni inavyoruhusu.

Mwenye kupunja makadirio hushinda kwanza. Kisha saruji hupungua katika zege, mafundi hukosa ujira wao, na skuli husimama kwenye lenta huku watoto wakiendelea kusoma kwa zamu. Sisi tuliolelewa chuoni tulikanywa mapema juu ya kupunja vipimo. Hatukudhani siku moja mtu atajipunja mwenyewe, na umma ukalipa.

Maofisa wetu nao wana sehemu yao. Si haki kumtaka mkandarasi atumie kompyuta ilhali orodha ya kazi na vipimo anapewa katika karatasi zilizopigwa picha, akazinakili upya mstari kwa mstari, na makosa yakazaliwa humo. Orodha itolewe katika jedwali linalofunguka. Na zabuni iliyo chini mno iulizwe mchanganuo wa bei zake kabla ya mkataba kutiwa saini, si baada ya kazi kusimama.

Muuzaji atakapokuja, mkandarasi ampe ramani ya nyumba aliyokwisha kuijenga, ambayo gharama zake halisi zimo katika daftari, aikadirie mbele yake kwa bei za mwaka ule. Zikitofautiana, watafute pamoja ni wapi. Asiyekubali jaribio hilo arudi na programu yake.